Trei Iliyorudi Tupu

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la trekta, na maandishi yake yalikuwa makubwa kwa sababu Karna anayajua macho ya mama yake. Juu kabisa aliandika: MAMA, HAWA USIPOKEE KITU KWAO. Chini yake yalifuata majina tisa. La sita lilikuwa Duane na LaVonne Rask. La saba lilikuwa Lowell Schatz.

Arlys Tveit aliisoma kila asubuhi akingoja kahawa yake ichemke. Hawezi kusema hakujua. Hapo ndipo panapouma, na ndipo panapofaa kuangaliwa na kila mama ambaye mtoto wake anapanda cheo. Unaambiwa, unaandikiwa, unabandikiwa kwenye friji yako mwenyewe, na bado mtu akigonga mlango mkono wako unanyooka kupokea.

Karna ni mtoto wake wa pekee, na ubishi wake ulianza kabla ya meno kumaliza kuota. Akiwa na miaka saba alimshitaki baba yake mezani kwa kula kipande cha mwisho cha soseji. Aliita mashahidi wawili, mmoja wao mbwa. Baba yake, marehemu Anders, alipatikana na hatia akahukumiwa kuosha vyombo wiki nzima, na akaosha.

Basi hakuna aliyeshangaa aliposomea sheria. Alirudi hapa Nordal akafungua ofisi juu ya duka la misumari na rangi, watu wakampelekea hati za mashamba na ugomvi wa ndoa zao. Baadaye akawa mwendesha mashtaka wa kaunti, kisha jaji wa wilaya, akizunguka kaunti tatu kwa gari, joho limetundikwa nyuma na koleo la theluji limelala chini yake. Januari moja alikwama kwenye theluji akienda kusikiliza kesi ya mwizi wa betri. Aliyetokea na trekta kumvuta ni mwizi mwenyewe, naye akiwahi kesi hiyo hiyo. Karna alipoketi kitini jambo la kwanza alilofanya ni kuwaambia watu wote: huyu mtu amenivuta leo asubuhi, kama kuna anayeona nisisikilize kesi hii aseme. Hakuna aliyesema. Akamsikiliza, akamshukuru, akamfunga siku thelathini. Mpaka leo yule bwana anasema amefungwa na majaji wengi lakini huyo ndiye bora.

Halafu mwaka jana jaji mmoja wa Mahakama ya Juu ya jimbo akastaafu kabla ya muda wake, na gavana akamtaja Karna ashike kiti kile hadi uchaguzi. Maana huku kwetu jaji wa juu anapigiwa kura kama diwani. Novemba ndiyo ingeamua. Mpinzani wake alikuwa wakili wa mjini mwenye meno meupe, ambaye tangazo lake lilisikika redioni kila baada ya bei za ngano. Karna akishinda, kiti ni chake miaka kumi. Akishindwa, anarudi juu ya duka la misumari, na miaka ishirini na mbili ya kusukuma gari kwenye theluji imekwenda na upepo.

Arlys hakuwa na ombi lingine kwa Mungu mwaka huo. Hata goti lake hakuliombea.

Mahakama ile ina majaji watano, na aliyeingia mwisho ana kazi zake. Wakijifungia kujadili kesi, mlango ukigongwa yeye ndiye anayeinuka kufungua. Yeye hutoa maoni kwanza, asije akajificha nyuma ya wakubwa. Na yeye ndiye anayeleta kitafunio cha kahawa.

"Yaani nimekusomesha miaka yote hiyo ukawe mpeleka keki?" Arlys aliuliza aliposikia.

"Mpeleka keki wa jimbo zima, Mama," akajibu Karna.

Mwanzoni mwa Septemba Arlys alifanyiwa upasuaji wa goti la kushoto, na aliporudi nyumbani trei zikaanza kuingia. Nordal ndivyo ilivyo. Mtu akivunjika, akifiwa au akijifungua, kila nyumba inaoka kitu. Viazi na nyama ya kusaga, tambi na jibini, mikate ya viazi myembamba kama chapati. Chini ya kila trei kuna kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, kwa sababu trei lazima irudi, na hairudi tupu. Hilo halijaandikwa popote na hakuna anayelivunja. Ukirudisha trei ya mtu tupu ni kama umempita barabarani bila kumpungia mkono. Watu wataanza kuulizana mmegombana nini.

Alhamisi akaja LaVonne Rask. Huyu ameimba sauti ya pili kanisani, bega kwa bega na Arlys, miaka thelathini na tisa. Mumewe Duane alikuwa amechimba mtaro mpya kutoa maji shambani kwake, na maji yakaenda kulala kwenye ngano ya Lowell Schatz. Wameshitakiana miaka mitatu, kesi imepanda ngazi zote, na ilikuwa isikilizwe na Mahakama ya Juu Jumatatu ya tatu ya mwezi huo huo.

Alichobeba LaVonne kilikuwa keki yake ya plamu yenye kastadi. Keki hiyo imechukua utepe wa bluu kwenye maonyesho ya kaunti mara kumi na moja. Arlys naye huoka keki ya plamu. Kwenye droo yake kuna tepe kumi na moja nyekundu, za mshindi wa pili.

"Goti linasemaje?" LaVonne aliuliza.

"Linasema lisingekubali kama lingeulizwa."

"Basi lilishe. Usinyanyuke, naiweka mezani mwenyewe."

"LaVonne, lakini unajua Karna alisema..."

"Karna kaumwa goti? Hii ni yako wewe, mla plamu. Siku nyingine tutazungumza, nimeacha maziwa jikoni."

Akaondoka. Arlys akabaki na keki mbele yake na karatasi ya friji pembeni yake, zote mbili zikimtazama. Nitaificha kwenye friza ya chini, akajiambia. Lakini ngazi ya kwenda chini ina vidato kumi na viwili, na goti zima alikuwa nalo moja tu. Akaifunika kitambaa akaiacha pale pale.

Jumapili mchana Karna akaingia bila taarifa, njaa inamuuma, ametoka kutembea kwenye gwaride la mavuno mji wa jirani akitupia watoto peremende na kushika mikono ya watu. Akafunua kitambaa.

"Mama, umeoka na goti hilo?"

Nafasi ilikuwa hapo. Ilikuwa neno moja, jina la mtu tu. Arlys alifungua mdomo kulisema, lakini Karna alikuwa ameshakata kipande na kukitia mdomoni, na akafumba macho.

"Mama. Hii sasa ndiyo yenyewe. Umebadilisha nini?"

Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kufumba macho kwa sababu ya keki ya Arlys. Akajisikia anasema, "Nimeongeza kastadi kidogo."

Karna akala kipande cha pili, akala cha tatu, kisha akatoa kopo la plastiki kwenye mfuko wake na kuanza kupanga vilivyobaki. "Hivi nakwenda navyo. Keshokutwa tuna kikao, na wale wazee wamechoka na biskuti zangu za dukani."

Arlys alijaribu. Alisema imelala siku tatu. Karna akasema keki ya plamu hunoga ikilala. Alisema huenda kuna mbegu zimebaki. Karna akasema wote watano wana meno. Alisema angependa kubaki na kidogo yeye mwenyewe. Karna akambusu shavuni na kumwachia kipande kimoja kwenye sahani.

Jumanne simu ikalia.

"Mama, imeisha kabla ya kesi ya kwanza. Jaji Mkuu kala vipande vitatu na kisu akakilamba."

"Jaji Mkuu Haugland?"

"Huyo huyo."

"Na wengine?"

"Wote, Mama. Haikubaki hata chembe. Mbona umenyamaza?"

"Goti," akasema Arlys.

Akakaa kwenye kiti cha jikoni akajitetea mbele ya nafsi yake, na alijitetea vizuri kuliko wakili yeyote. Nani anajua? Karna hajui. Majaji hawajui. LaVonne anadhani keki imekwenda kwenye goti. Nikinyamaza wiki chache uchaguzi unapita, na mtoto anakaa kitini kwake salama. Kunyamaza si kusema uongo. Uongo nilisema Jumapili, nao ulikuwa wa kastadi tu. Akaosha trei ya LaVonne, akaipindua kando ya sinki ikauke, akaanza kufikiria cha kuijazia. Alikuwa akielekea kwenye mikate ya mdalasini.

Alhamisi mchana mlango ukagongwa tena. Alikuwa Lowell Schatz, mgane, mtu wa maneno machache, kofia mkononi. Alisimama nje ya kizingiti kama mtu aliyechorewa mstari.

"Ingia, Lowell."

"Siingii."

"Viatu vina tope?"

"Nina kesi." Akaigeuza kofia yake. "Ningekuletea soseji. Nilikuwa nimeshaifunga. Wakili wangu akasema hata mfupa nisilete nyumba hii mpaka majaji waseme neno lao. Nimekuja nikwambie, usije ukadhani nimekusahau. Alipofariki Anders nilileta."

"Ulileta mbili."

"Nilileta mbili. Basi na ya goti itakuja, ila si leo."

Arlys akasema asante. Macho ya Lowell yakapita juu ya bega lake hadi kwenye sinki. Trei ilikuwa pale, tako juu, na kwenye plasta LaVonne alikuwa ameandika kwa herufi zake kubwa: RASK.

Lowell aliitazama kwa muda wa mtu kusoma herufi nne. Alivaa kofia.

"Upone haraka, Arlys," akasema, akashuka ngazi polepole.

Laiti angegomba. Arlys alirudi kitini na hakuweza tena kujitetea hata kwa neno moja. Mtu yule ana soseji kwenye friza, ana huruma, ana mkono kama wa wengine, na aliuzuia. Yeye, mama wa jaji mwenyewe, aliyeandikiwa karatasi, hakuuzuia wake.

Daktari alikuwa amesema asiendeshe gari wiki tatu, na ilikuwa ya pili. Lakini goti bovu lilikuwa la kushoto, na gari lake linataka mguu wa kulia peke yake. Ijumaa asubuhi aliiweka trei kwenye kiti cha pembeni, akaifunga mkanda isiteleze, akashika njia ya mji mkuu. Saa mbili na nusu za alizeti zilizoinamisha vichwa. Kila maili chache kulikuwa na bango la kijani: KARNA TVEIT, MAHAKAMA YA JUU. Mengine aliyachomeka yeye mwenyewe mwezi wa saba, kabla goti halijakataa. Sasa aliona aibu kuyatazama.

Karna aliinuka nyuma ya meza yake. "Nani amekuleta?"

"Mimi."

"Na goti?"

"Nimekuja nalo."

Arlys akaipindua trei juu ya majalada ya kesi, plasta juu. Karna akaisoma, akakaa.

"Haya, sema."

Arlys akasema yote, toka kuumwa goti hadi kofia ya Lowell. Hakuacha kitu. Joho jeusi lililotundikwa nyuma ya mlango lilionekana kama mtu wa tatu aliyekuwa akisikiliza.

"Kwa hiyo hukuongeza kastadi," Karna akasema.

"Sikuongeza."

"Trei ningeweza kukusamehe leo leo. Hiyo kastadi sijui." Midomo yake ilikuwa inacheza, na Arlys hakuweza kujua kama ni kilio au kicheko kinachokuja. Kilikuja kidogo cha vyote viwili. "Wote watano, Mama. Angalau ungeniambia Jumapili ningekuwa mimi peke yangu. Umelisha mahakama nzima."

"Nitaandika barua. Nitasema kosa ni langu, wewe hukujua. Lowell ameona, lakini Lowell si mtu wa maneno."

"Hata kama Lowell asingeona. Mimi sasa nimeona."

"Utapoteza kiti, mwanangu. Yule wa redio ataipiga keki hii kila siku mpaka Novemba."

"Labda. Mwizi wa betri alinivuta kwenye theluji nikasema mbele ya watu. Leo nimekula keki ninyamaze?"

Akainuka, akamshika mama yake mkono, wakaenda chumba cha Jaji Mkuu. Haugland ni mzee mrefu asiyecheka, mwenye nyusi kama mabua. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiangalia trei, akamwangalia Arlys.

"Nilishangaa," akasema. "Ya kwako niliila siku ya kiapo cha Karna."

Arlys hakujua atazame wapi. Karna alitazama dirishani, mabega yakimtikisika.

Kisha mzee akawa jaji. Barua zitakwenda kwa mawakili wa pande zote mbili leo hii kabla ya saa kumi. Jumatatu atalisema mwenyewe mahakamani, mbele ya watu. Kuhusu trei, alisema, hilo ni la familia.

"Utairudisha," Karna akamwambia mama yake walipotoka. "Kanisani, Jumapili, watu wote wakiona. Tupu."

"Tupu?"

"Tupu, Mama."

"Hata biskuti?"

"Hata chembe ya biskuti."

"Karna, nina miaka sabini na moja Nordal. Unajua watakavyosema?"

"Watasema mama yake jaji karudisha trei tupu. Ndicho ninachotaka waseme."

Jumapili, baada ya ibada, watu walishuka chumba cha chini cha kanisa kunywa kahawa kama kawaida. Arlys aliteremka mwisho, fimbo mkono mmoja, trei mkono wa pili, imefunikwa kitambaa safi. Wanawake wa Nordal wanajua uzito wa trei kwa kutazama kiwiko cha anayeibeba. Kabla hajafika katikati ya chumba, mazungumzo yalikuwa yamekatika meza moja baada ya nyingine.

LaVonne alikuwa amekaa na Duane karibu na birika kubwa. Akaipokea trei. Akainua kitambaa. Akaangalia ndani, kisha akaangalia tena, kama kwamba kitu kingeweza kuwa kimejibanza kwenye kona.

"LaVonne," Arlys akasema, na alisema kwa sauti ya kusikika kwa sababu ndivyo alivyokuwa ameagizwa, "wewe hukufanya kosa. Mimi ndiye. Nilipokea nilichokatazwa. Karna akaikuta mezani akaila, nami nikamwambia nimeoka mimi. Akaipeleka mahakamani. Majaji wote watano wameila. Kesho Jaji Mkuu atalisema mbele ya watu. Barua iko kwa wakili wenu; kama hajawaambia, nimeona ulisikie kwangu kwanza."

Birika lilikuwa likitoa mvuke. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kulizima.

"Ulimwambia umeoka wewe?" LaVonne akauliza.

"Ndiyo."

"Akaamini?"

"Aliniuliza nimebadilisha nini."

Mtu fulani nyuma kahawa ikampalia. LaVonne hakugeuka. "Jaji Mkuu alisemaje?"

"Alikula vipande vitatu. Alisema alishangaa, kwa sababu yangu ameshaila."

LaVonne akaweka trei mapajani, akaipangusa na kiganja ingawa ilikuwa safi. "Duane, umesikia? Vitatu."

"Nimesikia," akasema Duane. "Sasa tukishindwa kesi itakuwa kwa sababu ya keki yako."

"Tukishindwa itakuwa kwa sababu ya mtaro wako. Sogea, Arlys akae. Hilo goti linatetemeka."

Arlys akakaa. Alimiminiwa kahawa, naye kwa mara ya kwanza maishani akauliza kama anaruhusiwa kunywa. Wakamwambia kahawa ni ya kanisa.

Jumatatu alikaa safu ya nyuma ya mahakama. Majaji watano waliingia, Karna mwisho, akakaa kiti cha pembeni kabisa. Haugland akasoma alichoandika, bila kupamba: keki, imetoka kwa nani, imepita kwa nani, imeliwa na nani. Akasema keki ilikuwa nzuri, kwa kuwa alikuwa ameapa kusema kweli. Kisha akauliza mawakili kama kuna upande unaotaka majaji wajitoe.

Wakili wa Duane hakuwa na neno. Wakili wa Lowell akainama, Lowell akamnong'oneza. "Mteja wangu hana pingamizi na majaji wanne," akasema wakili. "Anasema mtu akiletewa keki kazini hawezi kuifanyia upelelezi."

"Na Jaji Tveit?"

"Msijibu," Karna akasema. "Ni mama yangu."

Akakusanya karatasi zake. Jaji wa mwisho ndiye mfungua mlango, basi akaufungua mwenyewe akatoka. Kiti kilibaki wazi mpaka jaji wa wilaya mmoja kutoka magharibi, aliyeandaliwa tangu Ijumaa, alipoingia kukikalia kwa kesi ile. Ilikuwa kama dakika moja. Kwa Arlys, aliyekuwa ameomba kwa mwaka mzima mtoto wake asitoke kwenye kiti hicho, haikuwa dakika. Na aliyemtoa ni yeye.

Jumatano redio ikaanza, baada ya bei za ngano: Je, mnataka mahakama inayolishwa na wenye kesi? Asubuhi, mchana, jioni. Arlys aliizima jikoni akaikuta kwa daktari. Karna aliendelea kuzunguka jimbo akishika mikono, na kila mahali watu walimuuliza habari za keki. Yeye aliwasimulia, kastadi na yote, hakupunguza. Walicheka. Lakini mtu anaweza kucheka nawe na bado akakunyima kura, na Arlys hilo alilijua, akapungua uzito bila kukusudia.

Halafu mwanzoni mwa Oktoba bango likatokea kwenye shamba la Lowell Schatz. Hakuliweka kando ya barabara kama watu wengine. Aliliingiza kwenye lile shamba lenyewe lililofurika, likasimama ndani ya maji hadi kiunoni, kijani tupu: KARNA TVEIT. Watu waliendesha gari kwenda kulipiga picha. Kwenye ghala la nafaka mmoja akamuuliza Lowell kama amesahau mama wa huyo jaji alikuwa anakula keki ya nani.

"Sijasahau," Lowell akasema. "Mahakama ilikuwa inaniuliza mimi kama atoke. Yeye hakungoja jibu langu. Wewe umewaona wangapi wa hivyo?"

Kwa Lowell hiyo ni hotuba. Ilifika kaunti zote kabla ya theluji ya kwanza.

Karna alishinda, kwa kura chache kuliko alizozitarajia yeye na nyingi kuliko alizoziota mama yake. Alipiga simu mwenyewe.

"Miaka kumi, Mama."

"Ya kupeleka keki?"

"Mpaka aje mwingine."

"Utanunua dukani."

"Nitanunua dukani."

Arlys akakata simu akalia kwa furaha, akajipangusa, akaenda kusimama mbele ya friji. Karna alikuwa ameleta karatasi mpya, majina kumi na mawili. Miaka kumi. Atakuwa na themanini na moja. Siku ya kiapo cha kwanza yeye ndiye aliyeshika Biblia, mtoto akaweka mkono juu, na watu wakapiga makofi, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba na yeye alikuwa anaapa. Mama mwenzangu, ukishikishwa Biblia ile, jua hivyo. Mlango wako si wako tena peke yako.

Hukumu ilitoka Januari. Duane aliamriwa kuuziba mtaro, akauziba akilalamika, na LaVonne aliutangazia mji kwamba keki yake haihusiki.

Wiki ile ile, mchana wa baridi kali, mlango ukagongwa. Lowell alikuwa amesimama pale pale nje ya kizingiti, theluji mabegani, na kifurushi cha karatasi kwapani.

"Una kesi?" Arlys akauliza kabla ya salamu. Siku hizi ndivyo anavyoanza na kila mtu, hata mchungaji.

"Imeisha."

"Kuna kuomba wasikilize tena?"

"Nimeshinda, nikaombe nini?"

Arlys akageuka, akachechemea hadi kwenye friji, akashusha kidole kwenye karatasi jina kwa jina, taratibu, Lowell akingoja kwenye baridi. Alifika la kumi na mbili. Akapanda tena juu kuhakikisha.

"Humo," akasema. "Ingia, ufunge mlango. Na hiyo karatasi ya soseji usiiandike jina lako; plasta moja ilinitosha."